Samaki wa Mkono wa Kushoto

Mzee Obura alikuwa na penseli moja, fupi kama kidole gumba, aliyoifunga kwa uzi kwenye kifungo cha kabuti lake ili isipotee. Ilikuwa penseli ya zambarau, ile ambayo ukiilowesha mate inaandika kama wino na haitoki upesi. Kila Jumamosi alisimama nayo kwenye mlango wa pembeni wa sinema, pale Nakuru, na mtu yeyote aliyetaka kutoka kwenda chooni wakati wa mapumziko alimpa mkono wa kushoto. Mzee alilamba ncha ya penseli, akauleta ule mkono karibu kabisa na uso wake, akachora alama nyuma ya kiganja. Ukirudi unaonyesha mkono, unaingia.

Zamani alikuwa akiwapa watu vipande vya karatasi, lakini wakawa wanavitupa juu ya ukuta na jamaa zao wanaingia navyo. Mkono, Mzee alisema, hautupwi juu ya ukuta.

Alama yenyewe hakuna aliyeijua mapema. Picha ya saa saba unusu ilikuwa na alama yake, ya saa kumi na yake, na Jumamosi iliyofuata zinakuja nyingine kabisa. Leo chungu, wiki ijayo jembe, mara ndege mwenye mguu mmoja, mara kiti cha miguu mitatu. Watoto wa landi, yaani zile nyumba za mistari za wafanyakazi wa reli, walikaa na alama hizo mpaka Jumatatu na hawakutaka kunawa. Walikuwa na mzaha wao kwamba Mzee Obura anapouleta mkono wako puani anataka kunusa kama ulipitia kwenye sabuni.

Naliaka alikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ule wa hamsini na saba. Baba yake, Makokha, alikuwa karani kwenye ghala la mizigo la reli, kazi yake kuandika alama juu ya magunia ya mahindi na pareto kabla hayajapakiwa kwenye mabehewa. Naye alikuwa na penseli ya zambarau, aliyopewa na ofisi, na jioni aliiweka juu ya rafu ya vikombe. Mama yake, Milcah, alilima kijishamba nyuma ya landi, karibu na reli, na kuimba sauti ya pili kanisani.

Mzee Obura hakuwa ndugu yao. Yeye mtu wa Siaya, wao watu wa Kimilili. Lakini Makokha aliposhuka Nakuru mara ya kwanza, akiwa na blanketi moja na barua ya mchungaji, Obura ndiye aliyemlaza kwenye kile chumba chake cha uani, nyuma ya sinema, kando ya tangi la maji, siku kumi na nane. Makokha alizihesabu na hakuzisahau. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya kanisa Mzee alikula kwao, na ndiyo maana alimwita Naliaka nyakwara, maana yake kwa lugha ya kwao ni mjukuu wangu.

Mambo yalianza hivi. Kila Jumamosi ya pili Makokha alimpa binti yake thumuni, senti hamsini. Thumuni ilinunua tiketi moja ya mabenchi ya mbele, kwa picha moja. Saa saba unusu zilikuwa picha za farasi na bunduki. Saa kumi zilikuwa picha za Kihindi, zenye nyimbo, na mama wanaolia, na ndugu waliopotezana. Naliaka alizipenda za farasi, lakini moyo wake ulikuwa saa kumi. Baada ya farasi alikuwa akitoka na wenzake, kisha anasimama kando ya ukuta anasikiliza zile nyimbo zikipita juu ya bati, hata asijue anayeimba ana uso gani.

Siku moja alikuwa nyuma ya tangi la maji wakati wa mapumziko ya saa kumi. Watu walitoka kwenda chooni. Akaona mkono wa kijana mmoja uliochorwa jembe, mpini umepinda kidogo kushoto. Akalitazama lile jembe. Naliaka alikuwa na jicho la kuchora; shuleni mwalimu alimwita ubaoni achore ramani, asimwite mwingine. Alirudi nyumbani na lile jembe kichwani.

Jumamosi yake iliyofuata alitoka nyumbani na penseli ya baba yake ndani ya soksi. Mama alimwambia apitie mazoezi ya kwaya baada ya picha, naye akasema ndiyo, Mama. Picha ya farasi ilipoisha akajificha nyuma ya tangi. Mapumziko ya saa kumi yalipofika, akaiona alama ya siku hiyo mkononi mwa mama mmoja mnene, nayo ilikuwa sufuria. Akalamba penseli, akachora sufuria yake juu ya mkono wake, akaingia katikati ya watu. Mzee Obura akaushika ule mkono, akauleta puani, akauachilia.

"Pita," akasema.

Naliaka hakujibu. Alikwisha kuona kwamba Mzee huwajua watoto kwa sauti zao. Ukimwamkia anakutaja jina kabla hujamaliza. Kwa hiyo mlangoni pale alijifunza kupita kimya, yeye ambaye Jumapili alikuwa akimkimbilia kumpokea kofia.

Nusu ya kwanza ya picha za saa kumi hakuwahi kuiona. Alizijua kwa miisho yake tu. Aliwaona ndugu wakikumbatiana bila kujua walivyopotezana, na akamlilia mama mmoja kitandani bila kujua anaumwa nini. Njiani kurudi alijitungia mianzo, na kusema kweli ilikuwa mizuri.

Angeendelea peke yake labda asingejulikana mpaka leo. Lakini jambo tamu lina kiwewe chake. Akamwambia Jerop, binti wa askari wa stesheni, aliyekaa naye dawati moja. Jerop akataka. Akamchorea Jerop. Jerop akamwambia binamu yake, na binamu akaja na rafiki. Ikawa kila Jumamosi, hata zile ambazo hakuwa na thumuni, nyuma ya tangi kuna mstari wa mikono ya kushoto, na Naliaka anapita mmoja mmoja, analamba, anachora, analamba, anachora. Hakudai kitu. Waliokuja na karanga walimpa karanga. Alichopenda ni vile walivyokuwa wakisema, "Lo, hata Mzee mwenyewe hawezi hivi."

Jumapili moja mama yake alimtazama anavyoimba, akamwita kando baada ya ibada.

"Ulimi wako umefanya nini?"

"Nimekula forosadi, Mama. Zile nyeusi za kwenye ua wa mission."

Milcah alikuwa mwanamke wa jembe, alijua mti gani unazaa lini. "Forosadi," alisema, na akaenda kupakua chakula.

Siku hiyo Mzee Obura alikula vizuri, akasifu mboga, akasimulia jinsi Muhindi mwenye sinema alivyonunua mashine mpya. Naliaka alimmiminia maji ya kunawa, akaiangalia ile mikono mikubwa ikitafuta beseni. Alifunga mdomo wake asije akaonyesha ulimi.

Ilikuwa mwezi wa nane, Jumamosi ya tarehe kumi na saba, picha ya saa kumi ilipopendwa kuliko kawaida. Watu walitoka Njoro, walitoka Rongai. Siku hiyo Naliaka alichora samaki kumi na mmoja, pamoja na wake. Samaki wa Mzee Obura alikuwa mwembamba, mkia umegawanyika, jicho nukta moja. Walipoingia baada ya mapumziko walijibana kwenye mabenchi ya mbele, na ndipo fundi mmoja wa baiskeli, mtu mwenye tiketi yake, akarudi kutoka chooni akasimama katikati ya watu.

"Nimetoka haja ndogo tu," alisema kwa sauti, "nimerudi nimekuta kiti changu kimezaa watoto watatu."

Watu walicheka. Mwingine akasema hata yeye hana pa kukaa, na mwingine. Mwenye sinema akaja na kuwasha taa. Watu walimwita Bwana Miwani kwa sababu ya miwani yake, minene kama kitako cha chupa. Alikuwa mzaliwa wa Nakuru, alijua Kiswahili, na hakuwa mtu wa kelele. Alihesabu vichwa vya mabenchi ya mbele kwa kidole, akaenda akahesabu vipande vya tiketi, akarudi akahesabu vichwa tena. Vichwa vilizidi. Naliaka alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto mpaka ukafa ganzi.

Bwana Miwani hakuwatazama watoto. Alimtazama Mzee Obura.

"Obura," akasema, "unauza mlango?"

Alisema mbele ya watu wote, taa zikiwaka. Mzee Obura alivua kofia yake akaishika mbele ya kabuti. Alikuwa amepigana Burma, ana medali mbili ndani ya sanduku lake la bati. Nyuma mtu akapiga mluzi ili picha iendelee, na taa zikazimwa. Naliaka aliitazama picha ile mpaka mwisho bila kuona kitu.

Jumapili Mzee hakuja kula. Sahani yake ilikaa mezani imefunikwa na sahani nyingine.

Alikuja Jumatatu jioni. Naliaka alikuwa kwenye kona anachambua maharagwe. Mzee alikaa, akakataa chai, halafu akaikubali.

"Nimesimamishwa mpaka Jumamosi," alimwambia Makokha. "Saa nne asubuhi niende nikamwambie niliowaingiza ni akina nani na walinipa nini. La sivyo nirudishe ufunguo wa chumba."

"Na wewe umesema nini?"

"Niseme nini, Makokha? Sijauza mlango. Kila mkono niliouachia ulikuwa na samaki wangu."

Makokha alizungusha kikombe chake. Siku zile mtu asiye na kazi wala chumba hakuachwa mjini. Askari walipita usiku kuuliza karatasi, na asiyekuwa nazo alitiwa kwenye treni arudi kwao. Obura alikuwa na karibu miaka sitini. Kwao Siaya mke alikwisha fariki, na nyumba ilikwisha anguka.

"Watu watakuamini," alisema Makokha.

"Watu walicheka," alisema Mzee. Akanywa chai yake. Alipoinuka kwenda aliigeukia ile kona. "Nyakwara, leo hunisalimii?"

"Shikamoo, Mzee," alisema Naliaka.

"Marahaba. Nilijua uko hapo, nimesikia maharagwe."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Baba alikuwepo, Mama alikuwepo, mlango umefungwa, na mwenyewe amemwita mjukuu. Naliaka alikuwa na maneno yote mdomoni. Akachukua harage moja bovu, akalitupa nje ya ungo, akachukua jingine. Mzee Obura akatafuta kizingiti kwa mguu, akatoka.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumanne alijiambia atasema Jumatano. Jumatano baba yake alishika penseli yake akaiinua kwenye mwanga wa taa. "Hii kitu inaisha kama sabuni," alisema, "na mvua hii magunia si mengi." Naliaka akatoka nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Alhamisi aliota amesimama mlangoni pa sinema na mkono wake hauna alama, na Mzee anamwambia pita. Ijumaa alimwambia Jerop.

"Kesho naenda kwa Muhindi. Nitasema."

"Sema yako," alisema Jerop. "Jina langu liache nyumbani."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kwa Muhindi, na si kwa baba yake, na si kwa Mzee mwenyewe chumbani pake, umbali wa dakika kumi. Yeye mwenyewe alijiuliza baadaye, miaka na miaka. Ni kwamba uso wa Bwana Miwani haukumwita nyakwara. Uso usiokujua ni rahisi kuuambia mabaya yako.

Basi Jumamosi saa nne alikuwa pale, amevaa gauni lake la kanisani. Jerop alikuja naye hatua ishirini nyuma, kama mtu anayepita tu. Milango ya sinema ilikuwa wazi na ndani kunafagiliwa. Mzee Obura alikuwa amesimama mbele ya kile kijichumba cha kukatia tiketi, kabuti limefungwa vifungo vyote, ufunguo mkononi. Bwana Miwani alikuwa ndani, nyuma ya dirisha.

Naliaka alisema. Alisema akiangalia sakafu, na alisema vyote: tangi, penseli, soksi, sufuria, mstari wa mikono, samaki kumi na mmoja. Alisema Mzee hajui kitu. Hakumtaja Jerop, lakini Jerop alikuwa amekwisha sogea mpaka mlangoni, na uso wake ulijitaja.

Mzee Obura hakugeuka wakati akisema. Alipomaliza tu ndipo akasema polepole, "Hiyo ni sauti ya Naliaka."

Bwana Miwani alitoka nje ya kile kijichumba. Alimtazama mtoto, akamtazama mzee, akavua miwani, akaifuta. "Mtoto wa rafiki yako," alisema. "Anakula na wewe Jumapili. Nitajuaje hamkupanga?"

"Anipe penseli nichore," alisema Naliaka.

"Utachora. Na Obura atachora. Mtu aliyechora alama kwa mkono wake mwenyewe anaijua hata kati ya mia."

Akapanga hivi. Mzee Obura amchoree Jerop samaki wa Jumamosi iliyopita. Halafu atoke nje kidogo, na Naliaka ajichoree mwenyewe. Kisha wasichana wawili waingie kwenye kijichumba, watoe mikono yao ya kushoto kwenye tundu la tiketi, miili isionekane, na Mzee aseme samaki wake ni yupi. Ikiwa wanafanana kweli, hata akikosea ni haki yake kukosea, na mtoto amesema ukweli. Bwana Miwani hakuwa mtu mbaya. Alidhani anatafuta haki.

Mzee akamchorea Jerop. Alilamba ncha, akauleta mkono puani, akachora taratibu, kama anayemfunga mtoto kidonda. Samaki mwembamba, mkia umegawanyika, jicho nukta moja. Akaifungua penseli kwenye uzi, akaiacha, akatoka nje.

Naliaka alishika penseli. Na wakati akiilamba, mambo yote aliyokuwa akiyaona miezi ile bila kuyatazama yalimjia pamoja: mkono unaoletwa puani, beseni linalotafutwa, mguu unaopapasa kizingiti, kila mtu kuitwa kwa sauti yake. Mzee hakuwa ananusa sabuni. Naliaka akajua kwamba kama atachora vizuri, Mzee atakosea. Na akajua kwamba kumbe hata angechora vibaya miezi yote ile, angepita.

Kwa hiyo akachora vibaya. Alichora samaki mbaya kuliko wote duniani. Alimpa tumbo kama la mbuzi mwenye mimba. Alimpa mkia mmoja butu, na jicho kubwa kama pete, na kwa hofu akaikandamiza penseli mpaka ngozi ikauma. Mtoto wa darasa la kwanza angewatenganisha samaki wale akiwa ng'ambo ya barabara.

Bwana Miwani alimwona akichora.

Wakaingia kijichumbani. Palinuka wino na sarafu za watu. Wakatoa mikono kwenye tundu, wa Jerop upande huu, wake upande ule. Ndani ya lile tundu Naliaka aliona kabuti likikaribia, kifungo, uzi usio na penseli. Akahisi ule mkono mkubwa ukimshika vidole, halafu pumzi ya joto juu ya ngozi. Ikakaa. Ikaenda kwa Jerop. Ikarudi kwake.

Alitamani kukohoa. Alitamani kuvuta kidole, kumfinya, chochote. Bwana Miwani alikuwa amesimama mle ndani pamoja nao, anamtazama usoni.

"Huyu," alisema Mzee Obura, na akagusa mkono wa Naliaka kwa kidole. "Huyu ndiye wangu."

Fagio lilikuwa limenyamaza. Bwana Miwani alitoka akasimama kando ya Mzee, akautazama ule mkono wenye samaki mwenye tumbo la mbuzi, akautazama kwa muda mrefu.

"Tangu lini, Obura?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Mzee Obura alielewa. Aliuachia mkono. "Mwaka wa tatu huu," alisema. "Mwanga wa nje naona. Mtu naona kama kivuli. Alama naziona nikizileta karibu. Nilikuwa naziona."

"Wewe si mwizi," alisema Bwana Miwani. "Nitaandika barua, nitasema hivyo, nitatia sahihi. Na Jumamosi hii nitawaambia watu wa mbele, taa zikiwa zimewashwa, kama nilivyosema lile." Akautazama mlango wa pembeni. "Lakini mlango, Obura. Mlango unataka macho. Kaa chumbani mpaka mwisho wa mwezi."

Ikawa hivyo. Jina lake lilirudi, kazi ikaondoka.

Mzee alitoka nje akapita uani. Naliaka alimfuata mpaka kwenye tangi. Hakujua kama anamfuata kumwongoza au kumwomba. Mzee alikaa juu ya kizingiti cha chumba chake, akafungua kifungo cha juu cha kabuti.

"Ulimchoraje?" aliuliza.

"Vibaya, Mzee. Tumbo kubwa. Mkia butu."

"Kwa makusudi?"

"Ili umwone."

Mzee Obura alicheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani yake. "Na mimi nikamchagua huyo, kwa kuwa ndiye aliyekolea." Akafuta uso kwa kofia. "Jumatatu nilikuja kwenu. Ulikuwa kwenye kona na maharagwe."

"Ndiyo, Mzee."

"Ungeniambia Jumatatu ile. Hata nje, hata njiani. Ningekuja hapa leo mwenyewe, nikasema watoto wamenizidi akili, nimezeeka, nipe kazi ya kufagia. Kufagia hakutaki macho mengi. Ningeyataja macho yangu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu." Akatafuta ufunguo mfukoni, kisha akakumbuka umo mkononi. "Sasa yamewekwa mezani kama nyama ya kupimwa. Nenda nyumbani, Naliaka."

Hakumwita nyakwara.

Nyumbani alisema tena, mara ya pili siku hiyo, na ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Baba yake hakumpiga. Angempiga ingekuwa nafuu. Alichukua penseli yake kwenye rafu, akaitia kwenye mfuko wa shati, na tangu siku hiyo haikulala tena juu ya rafu ile. Kisha akavaa viatu, akaenda chumbani kwa Obura, akakaa huko mpaka jioni. Mama yake alikuwa anamenya viazi. Alimenya vitatu kabla hajasema.

"Forosadi," alisema, na akachukua cha nne.

Makokha alijaribu. Aliuliza ghalani kama wanataka mlinzi, aliuliza kanisani. Hakuna aliyetaka macho ya namna ile. Alhamisi walimsindikiza Mzee stesheni. Makokha alibeba sanduku la bati, Milcah alibeba kuku wa kuchemsha ndani ya kitambaa, Naliaka alibeba kiti chake kidogo cha miguu mitatu. Jerop hakuja. Samaki wa Jerop alikuwa amekwisha toka Jumatatu, kwa maji ya kawaida tu. Naliaka alimsugua wake kwa majivu, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa, na asubuhi ile ya Alhamisi kile kichwa kilikuwa bado kinaonekana, pamoja na jicho.

Watu wa behewa la daraja la tatu walikuwa wanagombania viti. Mzee alimuaga Makokha, akamshukuru Milcah kwa Jumapili zote. Kisha akanyoosha mkono hewani, upande ambao kiti kilikuwa kimewekwa chini.

"Leta," alisema.

Naliaka akampa mkono wa kushoto. Mzee akauleta puani, vile vile kama mlangoni. Akakaa nao.

"Ametoka?"

"Bado, Mzee. Kichwa kipo."

Mzee alipitisha kidole gumba nyuma ya kile kiganja, akipapasa mahali pasipo na kitu cha kupapaswa.

"Ulikandamiza sana," alisema. "Mkono wa mtoto haukandamizwi."

Akamrudishia mkono wake, akashika kiti, na Makokha akamsaidia kupanda.